Samaki wa Birikani

Asubuhi yangu ya kwanza Songea sikuweza kuinuka. Baridi ya Julai ilikuwa imeingia chumbani usiku kucha, ikapita blanketi mbili, ikaketi magotini. Mimi ni mtu wa Lamu. Kwetu Julai ni kusi, bahari chafu na upepo wa kupeperusha mabuibui, lakini baridi ya kumfanya mtu atoe moshi mdomoni nilikuwa nikiisikia kwa wasafiri tu. Nilishika ukingo wa kitanda, nikapinda mgongo, nikaenda mlangoni nimejikunja kama mwanzi wa kuvulia ulionasa samaki.

Mama Mkubwa alikuwa ameshakoka moto katika kibanda cha jikoni, vitenge viwili juu ya sweta. Ndiye mama mkwe wa kaka yangu, na mtaa wao wote wa Bombambili humwita hivyo, mkwe na mjukuu na jirani. Nikamwamkia. Kabla ya kuitikia akanitazama miguu.

"Marahaba. Mwanangu, wewe ni sawa na binti yangu wa mwisho. Mbona unatembea kama mimi?"

Nikamwambia ni homa iliyonipata mwaka 2004.

"Homa ya miaka ishirini iliyopita?"

"Ndiyo, Mama. Inaitwa chikungunya."

Alilirudia neno hilo polepole, akilionja. "Hilo si la Kizungu."

"La Kimakonde."

"Basi umepita ilikozaliwa," akasema, akanisogezea kigoda karibu na moto na beseni la maji ya moto yenye chumvi.

Kwa haki ya daktari niseme hapa kwamba hakuna anayeweza kuniapia kuwa magoti ya mtu anayeikaribia arobaini yanauma kwa sababu ya homa ile. Wengi huugua wiki moja au mbili wakapona, na wengine hubaki na viungo vinavyowauma kwa miezi, hata miaka. Mimi najua tu kwamba kabla ya 2004 nilikuwa nikipanda ngazi za nyumba yetu nikiimba.

Na Mama Mkubwa alikuwa amesema kweli. Nilikuwa nimepita Newala, tena makusudi. Ningeweza kufika Songea kwa njia fupi zaidi, kupitia Iringa na Njombe, lakini nilitaka kuuona uwanda wa Wamakonde kwa macho yangu. Mwaka 1952 ukiishia na 1953 ukianza, katika lililoitwa Jimbo la Kusini la Tanganyika, watu walianza kuanguka kwa homa ya ghafla iliyowakaza viungo kiasi kwamba mtu aliyelala usiku mzima wa afya aliamka hawezi kuvaa shuka yake. Daktari Marion Robinson aliandika dalili za wagonjwa. W. H. R. Lumsden alikuja kutoka taasisi ya utafiti wa virusi ya Entebbe kufuatilia namna ugonjwa ulivyokuwa ukitembea, na R. W. Ross akakitenga kirusi chenyewe. Maandiko yao yalitoka 1955 na 1956, na neno la Kimakonde likaingia katika vitabu vya tiba vya dunia nzima. Limetokana na kitenzi *kungunyala*, kujikunja, kukunjamana. Wagonjwa wa Newala ndio walioupa ugonjwa jina, na hawakukosea.

Mji wa Newala umekaa ukingoni kabisa mwa uwanda. Ukisimama mwisho wa mji ardhi inakatika ghafla, na chini, mbali, unauona mto Ruvuma kama uzi ulioangushwa kwenye majani, na ng'ambo yake Msumbiji. Mama mmoja aliyekuwa akibangua korosho mlangoni kwake alinikaribisha kivulini. Nilipomuuliza habari za maji ya zamani, aliacha kazi. Bibi yake, alisema, aliondoka jogoo la kwanza, akateremka bondeni na mtungi, akarudi jua la utosi. Mtungi ule ukifika nyumbani uliwekwa pembeni ndani, ukafunikwa, na mtoto aliyeuchezea alipigwa. Hakuna aliyemwaga maji ya jana ili aweke ya leo. Yaliongezwa juu yake.

Nilikaa pale na korosho mbichi mkononi, nikawaona mbu. Mbu wa homa hii, Aedes, mweusi mwenye madoadoa meupe miguuni, hapendi kinamasi wala dimbwi la matope. Anapenda maji masafi yaliyotulia chomboni karibu na watu, na anauma mchana, saa ambazo chandarua kimefungwa fundo juu ya kitanda. Mtungi wa bibi yule ulikuwa nyumba ya kifahari kwake. Lumsden aliona hivyo hivyo: uwanda usio na chemchemi, maji yanayobebwa kutoka mbali na kuwekwa akiba ndani ya nyumba, na mbu anayezaliwa humo humo. Katikati ya nchi kavu Newala ni kisiwa. Maji unayaona kote chini yako, huyagusi.

Kisiwa changu kilikuwa vivyo hivyo.

Barabara kutoka Masasi hadi Songea sasa ni lami tupu, na nasikitika kusema nililala sehemu nzuri. Nakumbuka mawe ya Masasi yamesimama kama majitu yaliyosahau safari. Nakumbuka Tunduru, abiria wenzangu wakishindana kusimulia nani alitajirika kwa mawe ya thamani na nani alifukiwa shimoni. Kisha miombo, miombo, miombo, na ghafla hewa ikabadilika. Namtumbo madirisha ya basi yalifungwa yote bila mtu kuambiwa. Tulipoingia Songea giza lilikuwa limeshaingia, na wauza mahindi ya kuchoma walikuwa wamejifunika makoti kama walinzi.

Hapa mahindi ni kila kitu. Mkoa wa Ruvuma unalisha miji ambayo haijui unakopatikana kwenye ramani. Baada ya mavuno kila uwanja una turubai, na kila turubai lina rangi ya dhahabu nyeupe, na kuku wenye bahati wakifukuzwa kwa ufagio. Siku ya pili nilikuwa nimekaa kwenye gunia na Mama Mkubwa, tukipukuchua yaliyobaki, tukinywa togwa iliyokuwa imechachuka sawasawa, tamu na kali kwa pamoja. Watu wa pwani hatuna kinywaji cha kulinganisha nayo. Maji ya madafu yana upole mno. Mchana ilikuja mbasa ya Ziwa Nyasa iliyokaangwa ikatiwa mchuzi wa nyanya, na ugali mgumu wa kukatwa kwa kidole gumba. Nilitamani nazi, sikusema.

Basi akaja mnunuzi wa mahindi, kijana mwenye koti la ngozi na bambo mkononi. Bambo ni kile chuma chenye ncha na mfereji katikati, unachoma gunia kikatoka na punje chache, na kwa punje hizo unajua kama gunia lina unyevu, lina wadudu au limechanganywa na takataka. Kijana akachoma magunia mawili ya mbele, ubavuni, akatazama kiganjani, akataja bei. Mama Mkubwa akasimama.

"Baba, unapima mahindi au unapima mlango? Choma la nyuma. Choma la kati. Choma juu, choma tumboni, choma chini. Ukiwa umechagua mwenyewe pa kuchoma, umepima ulichotaka."

Kijana akaona haya, akaanza upya. Nami nikashindwa kukaa kimya, kwa sababu nafanya kazi ya maabara, na sijawahi kusikia kanuni ya kazi yetu ikisemwa vizuri namna ile. "Mama," nikamwambia, "hivyo ndivyo walivyotupima Lamu."

Nikamsimulia. Mwaka 2004 mvua zilikuwa hafifu pwani yetu. Maji ya Lamu hutoka visima vya chini ya vilima vya mchanga vya Shela, na yakipungua kila nyumba hujaza kila kinachoweza kujaa. Kwetu Langoni ukumbi mzima ulikuwa na madumu na mapipa ya plastiki, yamepangwa kama wageni wa harusi. Kufikia katikati ya mwaka mtaa ulikuwa umekaa kimya kwa namna ambayo sijaisikia tena. Punda walisimama bila wenyewe. Mama yangu alitambaa kwa makalio kwenda chooni. Mimi nilikuwa msichana wa miaka kumi na tisa, nililala siku sita nikiwa siwezi kukunja ngumi, na dada yangu mdogo, ambaye homa ilimkuta nyuma yetu, alitupikia uji akilia kwa sababu vidole vyake vilikuwa vimeanza.

Hatukwenda hospitali. Nani angembeba nani?

Hospitali na zahanati ziliandika wagonjwa wapatao 1,300. Idadi hiyo ni ya kweli, hakuna aliyedanganya, ni ya watu waliofika. Ni punje za magunia mawili ya mbele. Oktoba mwaka ule ule, homa ilipokuwa imeshapita, wataalamu walifanya alichokuwa akikidai Mama Mkubwa: walichagua nyumba kwa bahati nasibu, mbele na nyuma, za wenye ngazi za mawe na za makuti, wakaomba damu kidogo kwa waliokuwamo, walioumwa na waliosema hawakuumwa. Watu wasiofika 300 walitosha. Kati ya kila mia, 75 walikuwa na alama ya chikungunya katika damu. Kisiwa kilikuwa na watu wapatao 18,000. Piga hesabu, unapata karibu 13,500.

Mama Mkubwa aliacha gunzi magotini. Hakusoma sana, lakini ameuza mahindi miaka hamsini. "Kwa hiyo kila mmoja aliyeandikwa, wengine tisa hawakuandikwa."

"Mmoja wa tisa hao ni mimi, Mama."

Alitaka kujua damu inakumbuka vipi. Nilimweleza kama nilivyoelezwa mimi siku za mafunzo. Kirusi kikiingia, mwili hutengeneza kingamwili za kukikamata. Za kwanza hutoka haraka, hukaa miezi michache, zikaondoka. Zinazofuata hukaa miaka mingi, pengine maisha yote, hata kama kirusi chenyewe kilikwisha mwilini ndani ya wiki. Maabara tuna sahani ya plastiki yenye vishimo 96, kila kimoja kidogo kama punje ya hindi. Chini ya kishimo tunagandisha kipande cha kirusi. Tunatia majimaji ya damu. Kama kingamwili zimo, hunasa pale, tukiosha haziondoki, na tukitia dawa ya mwisho kishimo hugeuka manjano. Kama hazimo, kinabaki cheupe kama maji. Wakati wa mafunzo yangu mwalimu alituruhusu kutumia damu zetu wenyewe. Wenzangu wengi walikuwa watu wa bara. Vishimo vyao vilibaki vyeupe. Changu kilianza kubadilika nikikitazama, taratibu, kama asubuhi, mpaka kikawa manjano ya kiini cha yai. Nilikumbuka ukumbi wetu na mapipa yake. Miaka sita ilikuwa imepita, na hakuna karatasi popote duniani iliyokuwa na jina langu kati ya wagonjwa wa mwaka ule.

Baada ya Lamu na Mombasa homa ilivuka bahari. Ngazija, mapema 2005: walipopima damu, watu 63 kati ya mia. Kisha Mayotte, Morisi, Shelisheli. Réunion waliugua zaidi ya theluthi moja ya watu wa kisiwa, kama 266,000, kwa sababu kirusi kilikuwa kimebadilika kidogo kikampenda mbu mwingine, yule mwenye mistari kama pundamilia aliyejaa katika bustani zao. Kikafika pia Bara Hindi. Ndugu zetu wa Ngazija nao wana mabirika na mapipa, kwa kuwa mawe ya volkano hayashiki mto. Kila nilipofuata njia ya homa ile nilikuta watu wanaoweka maji akiba.

Wanasayansi hupenda visiwa kwa kazi hii ya kupima damu, na sababu ni rahisi. Kisiwa kina ukingo. Mbu haruki bahari, watu wanahesabika, na kirusi kikishawamaliza wasiowahi kukiona hukosa pa kwenda, kinakufa chenyewe. Yap, kisiwa kidogo cha Pasifiki, kilipigwa na Zika mwaka 2007, na damu ikaonyesha kwamba karibu watu 73 kati ya mia walikuwa wameambukizwa, wengi bila kujua. Zika! Jina la msitu wa Entebbe, ambako kirusi hicho kilipatikana mara ya kwanza mwaka 1947, limekuwa gumzo la watu wa mwisho wa dunia. Nayo o'nyong'nyong ni neno la Waacholi wa kaskazini mwa Uganda, ilikoanzia 1959 ikashuka hadi Kenya na Tanzania, ikawagusa watu wapatao milioni mbili. Kuna wakati hunijia uchungu kwamba lugha zetu zimeingia katika kamusi za dunia kwa mlango wa magonjwa. Lakini chikungunya na o'nyong'nyong ni majina yaliyotolewa na wagonjwa wenyewe, na yanasema kweli kuhusu mwili kuliko majina mengi ya Kilatini.

O'nyong'nyong hutusumbua maabara mpaka leo. Ni ndugu wa karibu mno wa chikungunya, ingawa husambazwa na mbu wa malaria, na damu ya mzee aliyeugua moja inaweza kugeuza manjano kishimo cha nyingine. Hapo unahitaji kipimo kigumu zaidi, cha kuona damu ile inakizuia kirusi kipi kwa nguvu zaidi. Na unahitaji kuuliza umri. Ikiwa wazee wana alama na vijana hawana, homa ilipita zamani ikaondoka, na umri wa mdogo kuliko wote mwenye alama unakukaribisha kwenye mwaka wenyewe. Ikiwa alama zinaongezeka kidogo kidogo kwa kila rika, basi haikuondoka kamwe. Iko hapo, inauma mmoja mmoja, na watu wanaiita malaria.

Ndiyo maana sikumwacha Mama Mkubwa aseme, kama alivyotaka kusema, kwamba baridi ya Songea ni dawa. Wataalamu walipima damu za watu 1,215 wa Mbeya, nchi ya baridi kama hii, na matokeo yaliyotoka 2014 yalionyesha kuwa 18 kati ya kila mia walikuwa na alama za virusi vya ukoo huu. Mbeya! Watu wa makoti na chai ya tangawizi.

"Na waliambiwa?" akauliza Mama Mkubwa.

"Nani?"

"Wenye damu."

Sikuwa na jibu. Kijana wa bambo alikuwa ameshamaliza, bei imepanda, magunia yanapakiwa. Mama Mkubwa alizihesabu noti mara mbili, akazifunga pindoni mwa kitenge, akanirudia na swali lile lile kwa macho.

Nililibeba swali hilo kesho yake kwenye Makumbusho ya Majimaji. Kaka yangu huwapeleka huko wageni wote, kwa fahari kana kwamba naye ni Mngoni wa kuzaliwa. Hapo Wajerumani waliwanyonga wapiganaji 67 wa Vita vya Majimaji tarehe 27 Februari 1906, wakawazika wengi wao shimo moja. Mji umebeba jina la Nduna Songea Mbano, ambaye naye alinyongwa, na ukoo wake bado unadai fuvu lake kutoka Ujerumani. Tarehe 1 Novemba 2023 Rais wa Ujerumani, Frank-Walter Steinmeier, alisimama hapo akaomba msamaha. Nilitembea polepole mbele ya sanamu za machifu. Mzee mmoja aliyekuwa na wajukuu alikuwa akiwasomea majina, moja moja, bila kuruka, na mtoto aliyechoka aliambiwa akae chini lakini asikilize.

Mahali pale panafanya kinyume cha kazi yangu. Sisi tunachukua watu tunatoa idadi. Wao walipewa idadi, 67, na wameikataa mpaka iwe majina. Sisemi kipimo cha damu kiandike majina hadharani, siri ya mgonjwa ni siri. Nasema kwamba tangu siku ile naona aibu nikifikiria takwimu inayokaa katika jarida la kitaalamu na haijarudi mlangoni ilikotolewa. Lamu nimewauliza wazee wengi kama wanaijua ile 75. Walioijua ni wachache. Mimi mwenyewe niliisoma kazini, si mtaani, na nilikaa nayo miaka bila kuipeleka kwetu. Hilo ni langu.

Tena si idadi ya mapambo. Réunion walipopima damu baada ya homa ya 2006 walikuta kama 38 kati ya mia wana kinga. Maana yake zaidi ya nusu hawakuwa nayo, na kila mtoto aliyezaliwa baadaye aliongezeka upande huo. Homa ikarudi, na 2025 ikawalaza maelfu kwa maelfu. Ukijua nani ameshaumwa umejua nani amebaki.

Siku zangu za mwisho nilianza kutazama ua wa kila nyumba niliyoingia. Mama Mkubwa alikulia karibu na mto, na utotoni mwake, alisema, hakuna aliyeweka maji zaidi ya ya usiku mmoja. Ungeweka ya nini, na mto unapita hapo? Sasa mji umekua. Bombambili, Lizaboni, Mfaranyaki, nyumba zimepandana mlimani, bomba linatoka kwa zamu, na kila ua una pipa la bluu, ndoo za rangi zilizokwisha, simtanki kwa wenye uwezo. Kwa fundi wa matairi njia ya sokoni matairi yamerundikwa kama vikapu vinavyongojea mvua za Novemba. Nyuma ya nyumba ya jirani nilifunua pipa, nikainama. Baridi yote ile, na viluwiluwi walikuwemo, wanajipinda, wanashuka na kupanda. Huwezi kujua ni wa mbu gani kwa kuangalia tu. Mjukuu wa Mama Mkubwa, mtoto wa miaka minane mwenye maswali mengi, aliniambia hao ni "watoto wa maji", na shuleni huwa wanawahesabu. Tulimwaga lile pipa pamoja, tukalisugua ndani kwa mchanga, kwa sababu mayai hushika ukingoni na hustahimili ukavu kwa miezi. Jirani alitushukuru, kisha akauliza, kwa upole kabisa, sasa apikie nini jioni.

Jumapili tulipanda Matogoro. Kaka, wifi yangu, watoto, na Mama Mkubwa aliyekataa kubaki. Msituni kulikuwa na ubaridi wa aina nyingine, wa majani, na maji yalisikika kabla hayajaonekana. Ruvuma huzaliwa katika milima hii. Kijito kile unaweza kukiruka. Mtoto aliingiza mikono, akanywa, akauliza yanakwenda wapi, nikamwambia yanakwenda mpaka chini ya Newala, yanapita pale huku watu wa juu wakiyatazama, halafu yanaingia baharini. "Na kwenu?" Nikamwambia ni bahari hiyo hiyo, ila yakifika yameshakuwa na chumvi. Akaona ni hasara kubwa. Nikaona hivyo pia. Nilisimama na viatu mkononi, maji yanapita vidoleni, baridi yake ikikata, nikawaza kwamba ile 75 ya Lamu na 63 ya Ngazija, na mitungi ya Newala ambayo hakuna aliyeihesabu, zote zilikuwa zikipima kitu kimoja na hakikuwa kirusi. Zilikuwa zikipima kiu. Mahali maji yanapopita yenyewe, hakuna anayemfugia mbu chumbani.

Na bado kwetu tulikuwa na njia. Hili lilinijia pale pale kijitoni, samaki wadogo wa urefu wa ukucha walipokuja kunusa miguu yangu. Nyumba za kale za mawe za Lamu zina birika chooni, tangi la kujengwa la maji ya kuoga. Ndani ya birika walifugwa samaki wadogo, na kazi yao ilikuwa moja, kula viluwiluwi. Chini kabisa, katikati ya sakafu ya birika, mafundi walipachika bakuli la kaure la Uchina, ili maji yakipungua au birika likisafishwa samaki wabaki na pa kukaa. Bibi yangu alitukataza kutia sabuni humo. Samaki watakufa, alisema, halafu mtajua. Birika letu liliachwa nilipokuwa mdogo, yalipokuja mapipa ya plastiki, mepesi, rahisi, ya kuhamishika. Mwaka 2004 ukumbi ulikuwa na mapipa kumi na moja na hapakuwa na samaki hata mmoja.

Jioni nikampigia dada. Nikamsalimia, nikamwambia baridi, nikamwambia togwa, kisha nikamwomba aende kwenye choo cha chini atazame birika.

"Sasa hivi? Nimeweka mifagio humo."

"Itoe."

Nilisikia kandambili zake zikishuka ngazi, moja moja, maana naye ana magoti. Nilisikia mifagio ikianguka, na ndoo, na yeye akinung'unika giza. Kisha akanyamaza kwa muda.

"Bakuli lipo," akasema. "Lina vumbi. Lina maua ya buluu, ulikuwa unajua?"

Sikuwa najua. Siku zote nililiona chini ya maji.